Bure ya Kuazimwa na Bure ya Kupewa

KUTOKA RANGWI
Na Halima Shemndolwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa mtumiaji wa kawaida. Anayetaka kuendelea nayo amepewa mwaka mmoja wa nyongeza kwa masharti. Ukiisha, atatakiwa ahamie Windows 11, ambayo haiikubali mashine isiyo na prosesa ya miaka ya karibuni na chipu ya ulinzi iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizoko kwenye shule, zahanati na steshenari za huku milimani ni za mtumba, na nyingi hazifikii kiwango hicho. Kioo kizima, kibodi nzima, diski inazunguka vizuri, lakini mwenye programu ameshasema basi.

Nasema mashine hizo ziwekewe Linux, na ziwekewe kabla hazijaanza kurundikwa stoo. Wapo watakaodhani nimevutiwa tu na neno bure. Bure tunayo siku zote. Nenda kwa fundi yeyote Lushoto mjini umwambie akupigie Windows, atakupigia kwa elfu kumi na tano au ishirini, na kile kiprogramu cha kuvunja kufuli ya leseni kimo kwenye flashi hiyohiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakataza jambo hilo, na kila mtu analifanya kwa sababu bei ya leseni halali haimo kwenye bajeti ya shule ya kata. Tumemzoesha mwalimu kufundisha uadilifu asubuhi na kuchapa mitihani kwa programu ya wizi jioni. Huo ni mzigo tunaoweza kumtua.

Linux ni mfumo endeshi ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili, kuubadili na kuugawa. Ziko kampuni zilizoufanya kuwa bidhaa kamili ya biashara, na baadhi yake zinaugawa bila malipo. Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini aliyetajirika alipoiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999, alianzisha Canonical mwaka 2004 na kutoa mfumo uitwao Ubuntu. Kuanzia 2005 hadi 2011 kampuni hiyo ilikuwa ikituma CD za Ubuntu kwa posta popote duniani, na stempu inalipa yenyewe. Kwa nchi ambako intaneti ilikuwa ya kulipia kwa dakika kwenye kafe, kupokea bahasha yenye mfumo mzima wa kompyuta lilikuwa jambo kubwa sana. Canonical haikuwa inatupa pesa. Inauza huduma kwa benki, kampuni za simu na serikali zinazotaka mtu wa kumpigia simu mfumo unapogoma usiku wa manane. Programu inagawiwa, utunzaji unauzwa. Sioni ubaya wowote hapo.

Ila bure za kampuni hazilingani, na hapa ndipo naomba walimu wakuu na madiwani wetu wanisikilize vizuri.

Kampuni ya Red Hat ya Marekani huuza mfumo wa Linux kwa seva, kwa malipo ya kila mwaka. Kwa miaka mingi wasio na pesa walitumia CentOS, mfumo uliojengwa kutokana na msimbo uleule wa Red Hat na kugawiwa bure. Mwaka 2014 Red Hat yenyewe iliichukua CentOS chini ya ulezi wake. Mwaka 2019 IBM ikainunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8, ambayo watumiaji walitarajia itatunzwa hadi 2029, ingefikia mwisho Desemba 2021. Wasimamizi wa seva walioupanga mustakabali wao juu ya ahadi ile walibakiwa na mwaka mmoja wa kuhama. Januari 2021 Red Hat ikatoa pole: mtu binafsi akijisajili, apewe mfumo wao wa kibiashara bure kwa mashine zisizozidi 16.

Mashine 16 si haba. Lakini bure hiyo ina akaunti, ina hesabu, na ina mwenyewe anayeweza kuibadili akiamka vibaya. Hiyo ni ya kuazimwa. Kilichowaokoa watumiaji wa CentOS ni kitu kingine kabisa: leseni ya msimbo wenyewe, ambayo tangu zamani iliwaruhusu watu wengine kuujenga upya. Gregory Kurtzer, mmoja wa waliohusika na kuanzishwa kwa CentOS, akaanzisha Rocky Linux, na kundi lingine likaanzisha AlmaLinux. Hadi kufika katikati ya 2021 mifumo yote miwili ilikuwa inapakuliwa. Mkulima wa maharage wa Lukozi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anaijua mbegu ambayo lazima airudie dukani kila msimu, na anaijua ile anayoichagua mwenyewe, anaihifadhi na kumgawia jirani bila kumwomba mtu ruhusa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nasikitika kwamba hautajwi inavyostahili. Kulikuwa na kampuni ya Ujerumani, Star Division, iliyouza programu za ofisi ziitwazo StarOffice. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wake kwa dunia kwa jina la OpenOffice. Bidhaa ya dukani ikawa ya wote. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, waliuchukua msimbo huo na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Hawakuandika barua ya kuomba idhini Ujerumani wala Marekani. Idhini ilishatolewa na leseni.

Kisha mwaka 2010 Sun ikamezwa na Oracle. Katika hali ya kawaida, kampuni ikimezwa, zawadi zake nazo hupotea. Lakini mwaka huohuo watengenezaji wa OpenOffice wakajitenga na nakala yao na kuiita LibreOffice, ndiyo hiyo inayokuja leo ndani ya Ubuntu na ndani ya mfumo mwenzake, Linux Mint, na kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili unaweza kuipata humo. Star Division haipo, Sun haipo, na mwanafunzi wa Rangwi bado anaweza kuandika insha na kuoneshwa alipokosea herufi. Ninapozungumzia bure ya kupewa, ninazungumzia hiyo.

Sasa faida ya kila siku. Mwalimu mmoja wa kata yetu alinijia na flashi yenye mitihani ya muhula. Kila faili limegeuka kuwa shortcut, ule ugonjwa unaotembea kutoka steshenari moja hadi nyingine kila anayechapa anapochomeka flashi yake. Kwenye Windows alikuwa haoni kitu zaidi ya hizo njia za mkato, na kila akibofya anakieneza kirusi zaidi. Tukaichomeka flashi kwenye kompyuta ndogo yenye Linux Mint. Folda iliyofichwa ikaonekana palepale, na ndani yake Hisabati, Jiografia, Uraia, vyote salama. Kirusi kile kimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Linux kililala kama karatasi tupu. Tukanakili mitihani, tukaisafisha flashi, mwalimu akaondoka akiwahi gari.

Najua pingamizi. Vitabu vingi vya kompyuta vinafundisha Word na Excel kwa majina yake. Kweli, lakini anayejua kujumlisha safu kwenye LibreOffice hapotei akikutana na Excel, na mifumo mingi ambamo mwalimu hudaiwa taarifa siku hizi hufunguliwa kwenye kivinjari. Pingamizi zito ni la fundi. Windows ikiharibika, kila kona kuna kijana anayeijua. Linux ikigoma Rangwi, nani atapanda kutoka Lushoto kupitia Magamba na Lukozi, tena kipindi cha mvua? Ndiyo maana siiombi Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto pesa za leseni. Naomba pesa za watu: vijana wa hapahapa, angalau mmoja kila tarafa, wafundishwe kuweka na kutunza mfumo huu na walipwe posho ya kuzungukia shule. Kampuni zenyewe zimetuonesha kwamba gharama iko kwenye utunzaji, tusijifanye kuwa kwetu haipo.

Naomba pia kila kituo cha walimu kiwe na diski moja yenye mifumo hii. Ubuntu ya sasa inakaribia GB 6, na kwa bando la mwalimu huo ni mzigo mzito. Ipakuliwe mara moja mjini, kisha inakiliwe kwa flashi shule hadi shule. Tofauti na tulivyozoea, kunakili huku ni halali kabisa. Kwa mashine zenye RAM ya GB 2 au 4, wachukue matoleo mepesi, Lubuntu au Mint ya Xfce, wasizitese kwa mfumo mzito.

Mkuu wa shule anayetaka kujaribu asifute chochote kwanza. Aanze na kompyuta moja ya ofisi, aiwashe kwa flashi ya Linux huku Windows yake ikiwa imetulia kwenye diski, aangalie kama intaneti inashika na sauti inatoka. Halafu achomeke printa na atoe kurasa mbili tatu, maana zipo printa ndogo zinazopendwa sana kwenye steshenari zetu ambazo zinasumbua kwenye Linux, na ni bora alijue hilo kabla ya juma la mitihani.