Changarawe si Aibu

Ipo imani iliyoota mizizi nchini mwetu, kwamba barabara isiyo na lami ni barabara ambayo haijakamilika, na kwamba mtu aendaye kwa baiskeli ni mtu ambaye hajafanikiwa. Imani hizi mbili ni pacha. Mama yao ni mmoja, naye ni kuona haya. Nazipinga zote mbili, na nitazipingia katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, kwa kuwa huko ndiko madhara yake yanakoonekana waziwazi.

Msomaji asiyefika huko na apate picha. Ukitoka nyanda za Muheza unafika Sigi, penye mwinuko wa mita 450 hivi, kisha mlima unakupandisha ndani ya msitu hadi Amani, penye mita 900 na ushei. Mvua ya mwaka inakaribia milimita 2,000. Wajerumani walijenga Amani kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Katikati ya msitu huo yapo mashamba ya chai ya Kwamkoro, Bulwa, Monga na Derema, na vijiji vya watu wanaolima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Vyote hivi vimeunganishwa na njia za changarawe zinazozunguka vilima, zikateremka hadi kijito, zikavuka daraja dogo, zikapanda tena. Maji ya vijito hivyo huishia Mto Sigi, na Mto Sigi hujaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo linalowanywesha watu wa mji wa Tanga.

Sasa simama kandokando ya njia mojawapo uhesabu wapitao. Atapita kijana na madumu ya maziwa kwenye keria. Atapita mwingine anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma kwenye mzigo, kwa kuwa mlima haupandiki. Watapita wanafunzi, na mama mwenye kikapu kichwani, na bodaboda mbili tatu. Gari litapita pia, lakini baadaye. Halafu nenda kaulize barabara ile ilipangwa kwa ajili ya nani. Utajibiwa: kwa ajili ya magari.

Niliwahi kumsikia kiongozi mmoja akihutubia mkutano katika vilima hivyo. Alisema kwa sauti kubwa, "Tunataka kuwatoa wananchi kwenye baiskeli!" Watu wakapiga makofi. Mzee aliyekuwa nyuma, ameegemea Phoenix yake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, watutoe watupeleke wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, wala sidhani kama mheshimiwa yule alikuwa nalo.

Tena la kushangaza ni hili: wakati sisi tunaionea haya changarawe, wenye mali duniani wanaifuata kwa nauli ya ndege. Katika jimbo la Vermont, Marekani, nchi ya vilima, misitu na mito kama hii, zaidi ya nusu ya barabara hazina lami hadi leo. Si kwamba Wamarekani wameshindwa kununua lami. Wanajua kwamba njia ya kijijini yenye magari machache, ikichongwa na kumwagiwa kifusi kwa wakati wake, inatosha. Juu ya njia hizo umezaliwa mchezo mzima wa baiskeli za changarawe, zenye tairi pana na breki za diski. Mwaka 2022 chama cha baiskeli cha dunia kiliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya mchezo huo, huko Veneto, Italia.

Wala watu wetu si wageni katika mchezo huo. Mwaka 2021 yalifanyika mashindano ya siku nne katika eneo la Maasai Mara, Kenya, na Wazungu waliozoea kushinda walitoka jasho. Suleiman Kangangi, kijana aliyekulia upande wa Eldoret, alikuwa nahodha wa timu iitwayo, kwa sadfa njema, Team Amani. Alikufa tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko huko Vermont, akiwa na umri wa miaka 33. Namtaja kwa heshima, ili asitokee mtu wa kusema kwamba baiskeli kwenye changarawe ni mchezo wa watoto. Ni kazi ya watu wazima, na mteremko wa changarawe haumjui bingwa. Kama bingwa anaweza kuanguka, sembuse mkulima mwenye mikungu minne na breki ya kipande cha ndala?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: wewe wa mjini unataka watu wa milimani wabaki katika matope ili wageni wapige picha. La hasha! Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja masika yaishe, na lori la chai halipandi kwa dua. Barabara kuu ya kutoka Muheza hadi Amani ipate lami yake, wala sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu upo na wale wasemao kwamba, kwa kuwa lami haijafika kwenye njia ndogo, basi njia hizo zisitengenezwe. Hapo ndipo ahadi inapogeuka kuwa kisingizio. Lami inangojwa miaka na miaka, na wakati inangojwa hakuna anayezibua mtaro.

Maana, ndugu msomaji, adui wa njia ya changarawe si kukosa lami. Adui ni maji. Njia iliyoinuliwa katikati, yenye mitaro pande zote mbili, yenye kalavati kila penye mkondo, na yenye michepuo ya kuyatoa maji kabla hayajapata nguvu, itavumilia masika. Njia isiyo na mitaro hugeuka kuwa mto wenyewe. Maji huchimba katikati, hubeba kifusi chote na kukishusha bondeni. Na bondeni kuna nini? Kuna Sigi. Tope lile lile lililomwangusha muuza maziwa asubuhi linaelekea Mabayani. Mkazi wa Tanga anayecheka waendesha baiskeli wa milimani afungue bomba lake akumbuke kwamba njia yao na maji yake ni jambo moja.

Na nani anayeiharibu njia? Kanuni ya kawaida ya wahandisi ni kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Kwa hesabu hiyo, baiskeli yenye mtu na mzigo wake haina hata chembe ya lawama. Vile vijimatuta vya mfululizo vinavyotikisa meno huletwa na magari yaendayo kasi. Kwa hiyo asiyeharibu ndiye anayeumia, na anayeharibu ndiye anayepangiwa bajeti. Je, hiyo ni haki?

Nao wale wageni wanaopenda njia iwe mbovu ili safari yao iwe na utamu, nawaambia: karibuni, lakini ubovu si utalii. Mgeni huteleza siku moja akapata hadithi ya kusimulia. Mwenyeji huteleza kila siku akapoteza maziwa. Mgeni akija na baiskeli yake ya thamani, na apite njia ile ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mwenyeji, aongozwe na kijana wa kijiji kwa malipo halali, anunue chai na ndizi hapo hapo. Njia inayomfaa mwenye maziwa itamfaa na mgeni. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mgeni peke yake haitamfaa mwenye maziwa.

Ninachodai si kikubwa. Kabla ya greda kupanda mlimani, mpangaji ahesabu baiskeli na waendao kwa miguu kama anavyohesabu magari. Mitaro ije kabla ya hotuba. Penye mteremko mkali iachwe kando imara ya kusukumia baiskeli. Vijiji vilipwe kuzibua makalavati yao kabla ya masika, si kuzibuliwa baada ya daraja kwenda na maji. Na viongozi waache kutuahidi kututoa kwenye baiskeli. Wakitaka kututoa mahali, watutoe mtaroni tunakoangukia.