Mbwa Apokeaye Wageni

Ndugu msomaji, mgeni akifika kwako jioni, ni nani amlakiye kwanza? Si wewe, wala si mama watoto. Ni mbwa! Mgeni hajamaliza kusema hodi, mbwa ameruka toka chini ya ghala, na maskini mgeni amekwisha panda juu ya kichuguu akiita kwa hofu. Nawe wajibu toka ndani: “Pita tu, haumi!” Je, mbwa naye amelisikia neno hilo?

Leo nakusimulia habari za nyumba moja ya wageni ambayo mbwa wake wamesifiwa dunia nzima. Iko katika milima ya Alpi, karibu na mpaka wa Uswisi na Italia, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Yapata mwaka 1050 Mtakatifu Bernardo, padre wa Aosta, aliianzisha kwa kuwahurumia wasafiri. Pale theluji hushuka nyeupe kama pamba, ikafunika njia, hata mtu akazama mpaka kifuani na kufa kwa baridi. Mapadre wafuatao kanuni ya Mtakatifu Augustino wamekaa huko karne nyingi, wakimpokea kila apitaye, tajiri na maskini.

Katikati ya karne ya 17 mapadre hao walikuwa wamekwisha anza kufuga mbwa wakubwa. Kwanza walikuwa walinzi tu, kama huyo wako. Lakini ikaonekana kwamba hawapotei njia hata katika ukungu, na kwamba pua zao zaweza kumnusa mtu aliyefunikwa na theluji. Basi wakatoka nao kuwatafuta waliopotea. Mbwa akimkuta mtu, humfukua kwa miguu na kumlamba uso, mpaka watu wafike kumbeba.

Mmoja wao, jina lake Barry, aliishi kati ya mwaka 1800 na 1814, na yasemwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40. Mpaka leo aonekana katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Bern. Wengine husema mbwa hao walibeba kipipa cha pombe shingoni. Hiyo ni hadithi tu, tusimsingizie mnyama.

Mwaka 1964 njia ya magari ilifunguliwa tumboni mwa mlima, na wasafiri wengi sasa hupita huko chini. Tangu mwaka 2005 mbwa hutunzwa na shirika maalum bondeni, katika mji wa Martigny, nao hupandishwa tena mlimani wakati wa joto. Lakini nyumba ingali ikipokea wageni mwaka mzima, hata wale wafikao kwa miguu juu ya theluji.

Sasa turudi uani kwako. Mbwa wale hawakuzaliwa na ukarimu. Walilishwa, wakafundishwa, wakaishi na watu wapole. Wako amekula nini leo? Mbwa apigwaye mawe na watoto mchana kutwa, kisha alale na njaa, atajifunza wapi kupokea wageni?

Tena mpeleke achanjwe kila mwaka, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Akimwuma mtu, osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile akapate sindano. Msingoje kuona kama ataugua, wala msipoteze siku kwa dawa za majani. Dalili za ugonjwa huo zikiisha kuonekana, karibu wote hufa. Mara nyingi ni watoto.

Na mgeni abishapo hodi, usipige kelele toka ndani. Inuka, mshike mbwa wako, ndipo useme karibu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: Mgeni njoo, mbwa ashibe.