MAFUNDISHO YA NYUMBANI: Mbona Twamngoja Tena?



Siku moja tulikuwa tukiwafundisha watoto mwaka wa Kanisa. Wakautaja wote kwa moyo: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka, na Kipindi cha Kawaida. Tukafurahi. Ndipo binti mmoja, mdogo kuliko wote, akauliza: “Mwalimu, Yesu amekwisha kuzaliwa zamani. Mbona katika Majilio twamngoja tena?” Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu tayari. Tulikuwa tumewapa majina, maana yake hatukuwapa.

Siku ya pili tulimjibu hivi: “Nyumbani kwenu mlivuna mahindi mwaka jana. Mbona baba analima tena?” Akasema: “Chakula cha mwaka jana kimekwisha.” Tukamwambia: “Na moyo ndivyo ulivyo. Kila mwaka yapasa ulimwe upya.” Tena Kanisa hungoja mara mbili. Tangu Dominika ya kwanza ya Majilio hata 16 Desemba hutazama hasa siku Bwana atakapokuja katika utukufu. Tangu 17 hata 24 hujitayarisha kukumbuka alivyozaliwa Betlehemu.

Kisha waonyesheni watoto mavazi ya padre, kwa kuwa macho yao hujifunza upesi kuliko masikio. Zambarau ni rangi ya kutubu na kujitayarisha, katika Majilio na Kwaresima. Nyeupe ni ya furaha ya Noeli na Pasaka. Nyekundu ni ya damu ya mashahidi na moto wa Pentekoste. Kijani ni ya Kipindi cha Kawaida, majuma 33 au 34, kama shamba linalokua polepole huku likipaliliwa.

Wakiuliza kwa nini Noeli haihami na Pasaka huhama, watokeni nje usiku mwutazame mwezi. Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi. Kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Waambieni na neno hili: siku za Kwaresima ni 40, bali siku za Pasaka, hata Pentekoste, ni 50. Mama Kanisa ametupa siku za kushangilia kuliko za kufunga.

Lakini, ndugu zetu, tusijidanganye. Watoto wengi huijua Noeli kwa nguo mpya na pilau tu. Kosa si lao. Nyumba isiyongoja haina cha kupokea. Siku ikifika, hula, hushiba, hulala. Sisi wenyewe tumepata kuwafundisha watoto wa wenzetu Majilio, na wetu tukawasahau.

Basi fanyeni jambo dogo. Majilio ikianza, wekeni mawe manne karibu na msalaba wa nyumbani. Kila Dominika jioni, mtoto aondoe jiwe moja, na watu wote wa nyumba wasali pamoja, kisha kila mmoja aseme ni kosa gani ataliondoa moyoni juma lile. Baba na aanze, watoto wakimsikia. Mawe yakiisha, njia ya Bwana iwe wazi.

Mungu azibariki nyumba zenu.