Makaa Kwanza, Vifaranga Baadaye

Siku hizi shuleni husemwa kwamba klabu yetu ya kilimo isiruhusiwe tena kufuga kuku, bali kazi hiyo apewe mtu wa mshahara. Asili ya maneno hayo ni vifaranga 100 tulionunua muhula uliopita. Kati yao, 31 walikufa katika usiku wa kwanza. Nataka kutoa maoni yangu, lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu.

Vifaranga wale waliletwa kwa basi kutoka Kampala, safari ya kilomita 400 hivi mpaka huku kwetu Kabale. Walifika jioni, wazima wote. Wala si ajabu, maana kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, nayo humtosha siku mbili au tatu. Walipofika ndipo tulipowasha moto. Mwalimu alikuwa ametuagiza tuwashe tangu jana yake, lakini mimi, niliyekuwa mweka hazina, niliwashauri wenzangu tungoje ili tuokoe makaa. Tukawamwaga vifaranga juu ya maranda yenye baridi, tukaweka jiko moja katikati, tukaenda zetu kulala. Usiku wa manane makaa yakawa majivu. Asubuhi tuliwakuta wamerundikana pembeni, na wale wa chini wamekufa kwa kubanwa na kukosa hewa.

Wengi walisema tumeuziwa vifaranga wagonjwa. Mimi nasema sivyo. Kifaranga wa siku moja ana vinyoya laini tu, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Mwenye mama hufunikwa kwa mbawa. Asiye na mama, sisi ndio mbawa zake.

Basi yafaa tufanye hivi. Chumba kitiwe moto siku nzima kabla vifaranga hawajafika, hata maranda yenyewe yapate joto. Wazungushiwe ukuta wa mduara wa maboksi, kimo cha nusu mita, kwa kuwa pasipo na pembe si rahisi kurundikana. Maji yao ya kwanza yawe ya uvuguvugu. Juma la kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi, kisha lipunguzwe nyuzi kama 3 kila juma. Sigiri iwashwe nje mpaka moshi uishe, izungushiwe wavu wa chuma, na madirisha ya juu yaachwe wazi kidogo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kuku na mtu pia. Kwa hiyo mtu wa zamu asilale humo ndani hata kidogo.

Asiye na kipima joto asihuzunike. Awatazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya karibu na jiko na kulia sana, wana baridi. Wakilikimbia jiko na kutweta midomo wazi, joto limezidi. Wakisongamana upande mmoja, pana upepo unaopenya. Wakitawanyika kila mahali, wengine wakila na wengine wakilala kwa utulivu, mambo ni mazuri. Lakini dalili hizo zinamfaa nini aliyelala bwenini?

Ndiyo sababu nasema kuajiri mtu mmoja hakutaponya jambo hili. Mtu mmoja husinzia. Klabu yetu ina wanachama 24. Toka saa tatu usiku hata saa kumi na mbili asubuhi ni zamu tatu za saa tatu tatu, wawili wawili, yaani watu sita. Kila mmoja angekesha saa tatu tu katika kila siku nne, kwa majuma mawili au matatu. Sidhani kama yuko atakayeshindwa mtihani kwa ajili hiyo. Tena tukinyang'anywa kazi kwa sababu tulikosea, tutakuwa tumejifunza kukosea tu.

Namwomba Mwalimu Mkuu atupe nafasi ya pili, kwa sharti hili: vifaranga wasiagizwe mpaka makaa yamekwisha kununuliwa na orodha ya zamu imebandikwa ukutani. Nanyi wanafunzi wa zamani mliojitolea kutununulia vifaranga wengine, ahsanteni sana, lakini fungu la kwanza la fedha zenu na liwe la makaa. Niliokoa nusu gunia, nikapoteza vifaranga 31. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza ataiona ilivyo mbaya.

Orodha itakapoandikwa, zamu ya usiku wa manane, siku ile ya kwanza, naomba iwe yangu.