Kilomita 68,000 za Uongo

Wadau, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi za wateja zilinibana, halafu Jumapili iliyopita ikaishia chini ya gari la binamu yangu hapa Alupe, tochi mdomoni na mafuta ya gia kwenye shati. Kwa hiyo leo hakuna mambo ya hifadhidata. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya magari.

Binamu ni mwalimu. Alichukua mkopo wa Sacco akanunua gari la Ulaya: taa kali, tabo, giaboksi inayoongozwa na kompyuta, na kilomita 68,000 kwenye dashibodi. Miezi mitano baadaye giaboksi ikakataa gia ya pili. Kuitengeneza kunazidi mshahara wake wa miezi mitatu, na mkopo umebakiza miaka miwili na nusu. Kabla hajanunua nilimwambia, "Binamu, chukua Probox." Alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, hiyo si gari ya kubeba miraa?"

Mimi napenda magari, msinielewe vibaya. Subaru ikipita usiku barabara ya Malaba naamka kuisikiliza. Ninachopinga ni sisi watu wazima, wenye vyeti, kununua kitu cha laki saba kwa kutazama namba mbili tu: bei na mileji. Bei inakudanganya nusu. Mileji inaweza kukudanganya yote.

Niseme kama mtu wa programu. Kwenye magari mengi ya kisasa odomita ni namba iliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu nyuma ya dashibodi. Haina sahihi ya siri, na mwenye kifaa na nusu saa anaandika anachotaka. Ningekuletea mfumo wa benki wenye salio linalofutika hivyo ungenifukuza ofisini. Lakini ukifika yadi unaamini! Gari la Japani lina cheti cha kuondolewa kwenye usajili wa huko, na hicho huandikwa kilomita zilizosomwa lilipokaguliwa. Kiombe. Ukiambiwa kimepotea, tazama raba ya pedali, usukani na mkanda wa dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma haijatembea kilomita 68,000.

Hila nyingine ni ya taa ya injini. Muuzaji anajua unakuja saa nne, saa tatu na nusu anafuta namba za hitilafu. Taa inazima, kila kitu kinang'aa. Nunua kile kifaa kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Usiishie kusoma hitilafu, maana zimeshafutwa. Soma vipimo vya utayari. Kumbukumbu ikifutwa, vipimo hivyo hurudi kuwa "havijakamilika" mpaka gari liendeshwe vya kutosha. Gari ambalo eti linaendeshwa kila siku na vipimo vyote havijakamilika, mwenyewe amelifuta asubuhi hiyo. (Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani pekee hayatakujibu vizuri. Hapo rudi kwenye pedali.)

Sasa hesabu. Probox yangu ninaiandikia kila shilingi kwenye jedwali tangu siku ya kwanza, kama ninavyoandika logi za seva. Miaka mitatu, kilomita 42,000. Petroli lita 3,000 kwa wastani wa shilingi 185: 555,000. Sevisi, tairi, bushi na shokabsoba: 150,000. Bima ya mtu wa tatu, ile ya lazima kisheria: 24,000. Riba ya Sacco kwa mkopo wa laki nne, asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua: 78,000. Nililinunua 620,000 na leo naambiwa 510,000, kwa hiyo 110,000 imeyeyuka. Jumla ni 917,000. Karibu shilingi 22 kwa kila kilomita, na hilo ndilo gari la bei nafuu ambalo binamu alilicheka.

Ona basi: gari limekula zaidi ya bei yake lenyewe, na halijaniharibikia njiani hata mara moja. Anayesema gari ni uwekezaji anioneshe mazao. Nikiwa peke yangu, safari ya kilomita 10 ni shilingi 220, na matatu inanipita kwa mbali. Tukiwa wanne, au nimebeba kompyuta za mteja kwenye mvua, hesabu inageuka. Ndiyo maana ninalo. Sina kisingizio kingine, labda kwamba nalipenda.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka? Kelele zikapigwa, za haki kabisa, na pendekezo likaondolewa Juni mwaka huo. Kwa bei niliyonunulia, kodi hiyo ingekuwa shilingi 15,500. Riba yangu ilikuwa 26,000 kwa mwaka na sikuona mtu akiandamana.

Kwa nini Probox basi? Si kwa uzuri, jamani, linafanana na sanduku la mkate. Ni kwa sababu ile ile tunayochagua maktaba ya programu iliyotumiwa na watu wengi. Lilitoka mwaka 2002, na injini yake ya lita 1.5, 1NZ-FE, ndiyo iliyokuwa pia kwenye Fielder, Premio na Allion za lita 1.5. Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Kasoro zake zimeshajulikana na kila fundi wa jua kali kutoka Adungosi mpaka Busia mjini, na spea unaipata bila kusubiri basi la Nairobi. Jihadhari na moja tu: kuanzia toleo la 2014 kuna giaboksi ya CVT, na hiyo haitaki mafuta ya gia ya kawaida. Fundi akikuambia "mafuta ni mafuta", chukua ufunguo wako uende.

Sisi wa mpakani tuna ujinga wetu wa ziada. Wa kwanza ni mitungi. Upande wa Kenya EPRA hutangaza bei ya juu ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Uganda bei inaachiwa soko. Kwa hiyo kuna miezi mafuta yanavuka kuja huku na miezi yanavuka kwenda kule. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilipofika shilingi 217.36, kila njia ya panya ilikuwa na mtungi wa lita 20. Januari 2022 ilikuwa kinyume: madereva wa malori waligoma Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya Korona, na Uganda petroli ikaadimika. Unaokoa shilingi ishirini kwa lita kwa mafuta usiyojua yamechanganywa na nini, halafu unaua pampu. Hiyo ni akili?

Wa pili ni namba za Uganda. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda, tangu Oktoba 2018, mpaka ni miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo gari la miaka 12 liko halali Tororo na bei yake ni tamu, ila huwezi kulisajili huku. Dalali atakuambia "utaliendesha hivyo hivyo". Ndiyo, mpaka siku utakaposimamishwa uulizwe kibali, na dalali hatapokea simu.

Mji huu wa Busia ndio uliozaa bodaboda, baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka miaka ya sitini. Wale wazee walijua faida ya kila safari kabla ya kukanyaga pedali. Sisi tuna simu zenye kikokotoo na tunanunua kwa taa.

Binamu amekubali kuliuza gari kwa hasara, na amemwambia mnunuzi ukweli kuhusu giaboksi, jambo ambalo yeye hakufanyiwa. Jumamosi tunakwenda Malaba kuangalia Probox ya mwalimu mwenzake. Kifaa nimeshakiweka mfukoni. Ameniomba nisimcheke tukiwa njiani, nami nimemwambia nitajaribu.