Kiingereza Chetu: "Tulikuwa tumelala walipokuja"



Juma hili tulipanga kuendelea na majina ya vyombo vya jikoni. Sufuria zingoje kidogo. Mama mmoja wa chama alituletea simu yake ili tusome maandishi ya mdogo wake, aliye mkimbizi Nakivale, kule Uganda. Huko Kiingereza ni lugha ya ofisi, na huyo dada alitaka kueleza yeye mwenyewe namna walivyokimbia nyumbani. Aliandika: "We slept when they came."

Sisi wa hapa tunajua alichotaka kusema: walikuwa wamelala, ndipo watu wakaja. Lakini mtu wa Kiingereza akisoma hivyo anaelewa kwamba watu walikuja kwanza, kisha jamaa ikalala. Atajiuliza, ni nani anayeenda kulala watu wa silaha wakiwa mlangoni? Kosa ni dogo, lakini habari ya kweli inaanza kufanana na uongo. Ilipaswa kuwa: "We were sleeping when they came."

Huo ndio wakati uliopita wenye kuendelea. Kuuunda si kazi ngumu. Tunatanguliza "was" au "were", kisha kitenzi chenye "-ing" mwishoni. "Was" inakwenda na "I", "he", "she" na "it". "Were" inakwenda na "we", "you" na "they". Basi tunasema "I was cooking", "they were cooking". Hata ukisema na mtoto mmoja tu, ni "you were". Ukikana, weka "not" katikati: "I was not cooking". Ukiuliza, "were" inaruka mbele: "Were you cooking?" Katika kuandika, "make" inaacha "e" yake na kuwa "making", "run" inaongeza "n" na kuwa "running", na "lie" inageuka kabisa kuwa "lying".

Kiswahili chetu kinatusaidia, halafu kinatutega. "Nilikuwa ninalima" ni "I was digging", neno kwa neno karibu. Lakini tunasema pia nilikuwa nimelala, nilikuwa nimeketi, nilikuwa nimesimama, nilikuwa nimevaa kitenge. Mwanafunzi akiona ile "-me-" anafikiri jambo limekwisha, anaandika "I had slept", "I had sat". Hapana. Kwa Kiingereza, mtu aliyeketi bado anaendelea kuketi mpaka asimame: "I was sitting", "I was standing", "I was wearing a kitenge". Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapoanguka zaidi.

Kifaransa nacho kina mtego wake, na sisi tuliosomea ualimu tukipitia Kifaransa tuliupata kwa alama mbaya. "Je vendais du lait" inaweza kuwa nilikuwa nauza maziwa saa ile, au nilikuwa na desturi ya kuuza maziwa miaka ile. Kiingereza kinatenganisha. Ukisema "I was selling milk" ukanyamaza, msikilizaji anakutazama akingoja: halafu kukatokea nini? Kwa desturi ya zamani, sema "I used to sell milk".

Kuna pia vitenzi vinavyokataa "-ing", vile vya kujua na kutaka. "Nilikuwa najua" ni "I knew", na "nilikuwa nataka" ni "I wanted". Usiandike "I was knowing", hata kama masikio yako ya Kiswahili yanakubali.

Sasa kazi yenyewe ya wakati huu. Mara nyingi kuna mambo mawili: moja refu lililokwisha kuanza, na jingine fupi linalolikatiza. Refu linachukua "-ing", fupi linabaki wakati uliopita wa kawaida. "I was milking the cow when the rain started." Ukipenda anza na "while": "While I was milking the cow, the rain started." Kama yote mawili ni marefu na yanakwenda pamoja, yote yachukue "-ing": "I was cooking while the children were washing the potatoes." Kabla ya kuandika, jiulize tu: lipi lilikuwa limeshaanza?

Tulirudi kwenye simu ya yule mama. Mdogo wake alipopokea sahihisho la kwanza alifurahi, akatia "-ing" kila mahali, mpaka "we were arriving in Sake". Kufika kwao kulikwisha, basi ni "we arrived in Sake". Na zile siku mbili za kutembea, kwa kuwa zimehesabiwa na zimekwisha, ni "we walked for two days". Katika habari yake yote "-ing" ilibaki mahali pawili: "we were sleeping" na "my mother was holding the baby". Alituma tena usiku uleule, safari hii bila kosa.

Kwa juma lijalo, kila nyumba ituandikie kwa Kiingereza: "Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni mvua ilipoanza," na "Ulikuwa unafanya nini jana jioni?" Leteni majibu siku ya mkutano wa chama. Watoto wanaruhusiwa kuwasahihisha mama zao, kwa adabu.