Bei ya chupa si bei ya dozi: tupige hesabu ya dawa za asili za kuku



Mvua zikikata huku Kagerankanda na watu wakishauza maharage, wauzaji wa virutubisho vya mitishamba vya kuku nao wanaingia. Siku ya gulio utawakuta wamepanga chupa zao: shubiri mwitu, mlonge, pilipili kichaa, kitunguu saumu, vyote vimechanganywa. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Bwana shamba, ipi bei poa?" Na mimi huuliza: bei ya chupa au ya dozi? Maana hizo ni bei mbili tofauti.

Hebu tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za kwako.

Chupa ya kwanza ni ya nusu lita, sh. 8,000. Maelekezo yake ni mililita 10 kwa kila lita ya maji. Kwa hiyo mililita 500 zinatengeneza lita 50 za maji ya kunywa. Gawa 8,000 kwa 50, unapata sh. 160 kwa lita.

Chupa ya pili ni ndogo, mililita 250, na inauzwa sh. 15,000. Wengi wanaikimbia hapohapo. Lakini yenyewe unaweka mililita 2 tu kwa lita, hivyo inatengeneza lita 125. Gawa, unapata sh. 120 kwa lita. Ile ya ghali imekuwa rahisi.

Usiinunue bado. Kuku wakubwa 20 wanakunywa kama lita 4 kwa siku, na jua likiwa kali wanazidisha. Chupa ya kwanza inasema wape siku 3, ya pili siku 7. Dozi nzima ya kwanza ni lita 12, yaani sh. 1,920, sawa na sh. 96 kwa kuku. Ya pili ni lita 28, yaani sh. 3,360, sawa na sh. 168 kwa kuku. Mambo yamegeuka tena!

Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe vitu vitatu kwenye chupa: ujazo, kipimo kwa lita, na idadi ya siku. Kimoja kikikosekana, hujui unalipa bei gani, basi acha. "Kizibo kimoja kwa ndoo" si kipimo. Kizibo kipi, ndoo ipi? Nunua bomba la sindano duka la dawa, upime mililita zako mwenyewe. Na kama inauzwa kama dawa ya kutibu, uliza usajili wake wa TMDA.

Halafu kuna mlonge wa nyumbani. Majani yake makavu yana protini karibu robo ya uzito wake, ni chakula kizuri cha kuku. Panda miche michache pasipotuama maji, kausha majani kivulini, twanga, changanya gramu 50 kwenye kila kilo ya chakula. Sisemi ni bure, maana kuchuma na kukausha ni kazi, na majani mabichi mengi yanatoa unga kidogo. Lakini ni kazi yako, na unajua ulichotia ndani.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Muuzaji mmoja aliwahi kuniahidi asilimia kwa kila chupa nitakayoisemea kwa wafugaji. Nilikataa, ila sikusema kitu hadharani. Nilijiambia kwamba mitishamba haina madhara, waache wauze. Baadaye nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na kuku 32. Nilikuta wamebaki 5, shingo zimepinda, wanaharisha kijani. Chupa ya mitishamba ilikuwa dirishani, imebaki nusu. Akaniambia, "Mwanangu, mbona niliwapa kila mwezi?" Sikuwa na jibu la maana. Wale kuku walikuwa ndio ada ya mtoto.

Ule ulikuwa mdondo, wengine mnauita kideri. Unaletwa na virusi, na kuku akishaugua hakuna dawa, ya dukani wala ya porini. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini, inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo, na ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Wachanjwe wakiwa wazima.

Na hapa pia kuna hesabu. Tuseme chupa ya dozi 100 ni sh. 5,000. Ukiinunua peke yako kwa kuku 20, umelipa sh. 250 kwa kuku, kwa sababu ikishafunguliwa haikai, dozi 80 unazimwaga. Mkiwa kaya tano zenye kuku 20 kila moja, ni sh. 50 kwa kuku. Ni chini ya dozi yoyote tuliyopiga hesabu hapo juu, na ndiyo pekee inayozuia mdondo.

Msimamo wangu ni kwamba mitishamba ibaki kuwa kirutubisho, ukiitaka na hesabu ikikubali. Ila hela ya kwanza iende kwenye chanjo.

Mdondo hupenda kiangazi, kwa hiyo tusisubiri. Wiki hii hesabu kuku wako, mwulize na jirani ana wangapi. Mkifika 100, niiteni. Nitakuja asubuhi mapema, kabla hamjawafungulia.